Ndugu Wawili na Kiti Kimoja: Jinsi Dola ya Inka Ilivyoanguka

Ndugu wasomaji, wahenga wetu walinena kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Juma hili tumependa kuwasimulia kisa cha kweli kinachoithibitisha methali hiyo, kisa kilichotukia mbali nasi, katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, takriban miaka 500 iliyopita.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba mwaka 1532, katika mji wa Cajamarca uliomo katika nchi ya Peru ya leo, Wahispania 168 walimkamata mfalme ambaye nje ya mji huo alikuwa na jeshi la makumi ya maelfu ya askari. Kabla ya usiku kuingia, maelfu ya watu wake walikuwa wamekwisha kuuawa, ilhali katika Wahispania hakufa hata mmoja. Mwaka mmoja baadaye wageni hao wakaingia Cusco, mji mkuu wa dola iliyokuwa kubwa kuliko zote katika Amerika.

Habari hii aghalabu husimuliwa kama muujiza wa ushujaa: watu wachache, mamilioni yakasujudu. Tukiipitia kwa utaratibu, lakini, tutaona kwamba nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kupasuka kabla mgeni hajabisha hodi. Na kilichoipasua ni jambo ambalo familia nyingi zetu zinalijua: baba alifariki, na wana hawakuafikiana juu ya alichokiacha.

Dola ya pande nne

Wenyewe Wainka waliiita dola yao Tawantinsuyu, maana yake pande nne zilizounganishwa. Ilianzia kusini mwa Kolombia ya leo ikashuka hadi katikati ya Chile, mwendo wa kilomita zipatazo 4,000, na makadirio mengi ya wanahistoria huwahesabu raia wake kuwa takriban milioni 10. Barabara zake, zilizokatwa katika majabali na kuvushwa mabondeni kwa madaraja ya kamba za majani, zilipita kilomita 30,000. Wajumbe wa mbio walipokezana habari kutoka kituo hadi kituo, na kila baada ya masafa kulikuwa na maghala ya nafaka, nguo na silaha. Mbatata tunazotia katika biriani zetu leo zilianza kulimwa na watu wa milima hiyo, maelfu ya miaka kabla ya Wainka wenyewe.

Dola hiyo haikuwa na maandishi kama tuyajuavyo. Hesabu zote, za watu, mazao na kodi, ziliwekwa katika kamba zenye mafundo, na wapo wataalamu waliofundishwa kuyafunga na kuyasoma. Hawakuwa na chuma wala gurudumu. Farasi hawakupata kumwona. Mnyama wao wa mizigo alikuwa lama, wa jamii ya ngamia, ambaye hubeba mzigo mdogo na hapandwi na mtu mzima.

Jambo moja inafaa tulishike tangu mwanzo. Ukubwa huo wote ulikuwa bado mpya. Wainka walianza kuenea kwa kasi katika karne ya 15, kiasi cha miaka 100 tu kabla ya Wahispania kufika. Makabila mengi yaliyokuwa chini yao, kama Wakañari na Wachachapoya wa kaskazini na Wahuanka wa bonde la Jauja, yalitiwa katika dola kwa mabavu, na wazee wao walikuwa wangali wakikumbuka siku ya kushindwa kwao.

Baba afariki kaskazini

Mwaka 1527 au karibu yake, Mfalme Huayna Capac alikuwa kaskazini, upande wa Quito, akiyatuliza makabila ya mipakani. Huko akapatwa na maradhi akafa. Wanahistoria wengi wanaona kuwa maradhi hayo yalikuwa ndui, yaliyoletwa Amerika na watu wa Ulaya, kisha yakasafiri kutoka mtu hadi mtu, kijiji hadi kijiji, yakiwatangulia wenyewe walioyaleta. Hivyo Huayna Capac aliuawa na ugonjwa wa Wahispania kabla hajamwona Mhispania yeyote. Mwanawe Ninan Cuyochi, aliyekusudiwa kumrithi, naye akafa katika siku hizohizo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Desturi ya Wainka haikumpa kiti mwana wa kwanza kuzaliwa. Kiti kilikwenda kwa yule aliyechaguliwa miongoni mwa wana wa mfalme kuwa ndiye mwenye uwezo, na kwa kuwa wafalme walioa wake wengi, wenye kukitamani walikuwa wengi. Tena mfalme alipokufa, mali yake haikumfikia mrithi wa kiti. Majumba, mashamba na watumishi vilibaki kuwa vyake yeye maiti. Mwili wake ulikaushwa, ukavikwa na kuhudumiwa kama mtu aliye hai, na ukoo wake ndio uliokula mazao ya mashamba hayo. Mfalme mpya alirithi cheo kitupu, ikambidi atafute ardhi yake mwenyewe kwa kuteka nchi nyingine.

Huáscar, mmoja wa wana wa marehemu, alitawazwa Cusco. Inasimuliwa kwamba alitishia kuwanyang'anya wafu mashamba yao, na kwa hilo akazitia chuki koo kubwa za mji wake mwenyewe. Ndugu yake kwa baba, Atahualpa, alikuwa kaskazini pamoja na jeshi la baba yao, lenye askari waliozoea vita na majemadari hodari kama Quizquiz na Chalcuchimac. Mmoja ana taji, mwingine ana upanga. Kwa muda wawili hao walipelekeana wajumbe, kisha wajumbe wakakoma na majeshi yakaondoka.

Vita hivyo vilikuwa vya kikatili. Wakañari waliomuunga mkono Huáscar waliadhibiwa na Atahualpa kwa mauaji ambayo hawakuyasahau. Hatimaye, mwaka 1532, majemadari wa Atahualpa walimshinda Huáscar karibu na Cusco wakamkamata, kisha wakaangamiza wengi wa jamaa zake. Habari ya ushindi huo ilimfikia Atahualpa Cajamarca, wakati uleule alipokuwa akiletewa habari ya wageni wachache waliokuwa wakipanda mlima kutoka pwani.

Mgeni aliyejua zaidi ya mwenyeji

Mkuu wa wageni hao, Francisco Pizarro, alizaliwa katika mji wa Trujillo, jimbo la Extremadura huko Uhispania, mwana wa nje ya ndoa, asiyejua kusoma wala kuandika. Alipokuwa kijana, mwaka 1492, ndipo Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu katika Uhispania, ulipoanguka. Kumbukumbu ya vita hivyo waliichukua Wahispania hadi ng'ambo ya bahari. Walipoyaona mahekalu ya Wainka, waliyaita katika barua zao mezquitas, yaani misikiti, kwa kuwa ndilo neno walilolizoea kwa nyumba ya ibada isiyokuwa ya Kikristo. Na ukelele wao wa vita ulikuwa ni uleule waliowapigia Waislamu: jina la Santiago.

Pizarro alikuwa amekwisha kusafiri mara mbili kutoka Panama kutafuta nchi hiyo ya dhahabu, pamoja na mshirika wake Diego de Almagro, kabla ya mfalme wa Uhispania kumpa mwaka 1529 hati ya kuiteka. Katika safari ya tatu alipofika mji wa Tumbes, alioushuhudia ukiwa umestawi miaka michache nyuma, aliukuta magofu. Akaambiwa kwamba nchi ina vita, na kwamba wanaopigana ni ndugu. Habari hiyo kwake ilikuwa na thamani kuliko mizinga.

Tena alikuwa na faida nyingine. Alijua jinsi Hernán Cortés, jamaa yake wa mbali, alivyoiteka Meksiko miaka kumi nyuma kwa kumshika mfalme ndani ya mji wake mwenyewe na kuyakusanya makabila yenye kinyongo. Atahualpa hakuwa na habari yoyote ya Meksiko. Wako wanaodai kuwa aliwadhania wageni kuwa ni miungu, lakini mpelelezi wake aliyekwenda kuwatazama alirudi akamwambia kuwa ni watu tu, tena wachache. Kwa hiyo hakuona sababu ya kuwazuia katika vipito vyembamba vya mlima, mahali ambapo mawe peke yake yangetosha kuwamaliza. Aliyekwisha kumshinda ndugu yake aliona kuwa hakuna wa kumtisha.

Jioni ya Cajamarca

Wahispania walifika Cajamarca Ijumaa tarehe 15 Novemba, wapanda farasi 62 na waendao kwa miguu 106. Wakatumwa wachache, akiwemo Hernando de Soto, kwenda kumwalika mfalme aliyekuwa penye maji ya moto nje ya mji. Soto alimsogeza farasi wake hata pumzi za mnyama zikamgusa Atahualpa usoni, naye hakutikisika. Akaahidi kuja kesho yake.

Usiku huo Wahispania waliona moto wa kambi ya jeshi umetapakaa ubavu wa mlima kama nyota. Waandishi wao wenyewe wanakiri kwamba walishikwa na hofu kubwa. Asubuhi wakajificha katika majumba marefu yaliyouzunguka uwanja wa mji.

Jua lilikuwa likielekea kuzama Atahualpa alipowasili, amebebwa katika machela yenye manyoya ya kasuku na mabamba ya dhahabu na fedha. Jeshi lake kubwa aliliacha nje. Aliingia na maelfu ya wafuasi, wengi wao wakiwa hawana silaha za maana, kwa kuwa alikuja kwa shani na si kwa vita. Kasisi Vicente de Valverde akamwendea pamoja na mkalimani, akamtaka aikubali dini ya Kikristo na enzi ya mfalme wa Uhispania, akamkabidhi kitabu. Atahualpa, ambaye hakupata kuona kitabu maishani mwake, alikifungua, akakitazama, akakitupa chini.

Mizinga ikalia, na wapanda farasi wakatoka mbio. Katika uwanja uliozungushiwa ukuta, wenye milango myembamba, hapakuwa na pa kukimbilia. Panga za chuma cha pua zilipita katika nguo za pamba pasipo kizuizi. Wachukuzi wa machela walikatwa mikono wakaendelea kuibeba kwa mabega, na walioanguka walishikwa nafasi na wengine, mpaka Pizarro alipomfikia mfalme akamkamata kwa mkono wake mwenyewe. Jeraha alilopata mkononi, akiwazuia askari wake wasimuue mateka huyo, ndilo linalotajwa kuwa jeraha pekee la Mhispania siku hiyo. Jeshi lililokuwa nje halikupigana. Katika dola ile amri zote zilitoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo sasa alikuwa kifungoni.

Fidia na damu ya ndugu

Atahualpa alitambua upesi kile walichokipenda wageni. Akaahidi kukijaza chumba kimoja dhahabu, na kukijaza fedha mara mbili, ili aachiwe. Chumba hicho kilikuwa na urefu wa kama mita 7 na upana wa mita 5, na kipimo kilikuwa mpaka pale mkono wake ulipofika ukutani. Kwa miezi kadhaa misafara ya lama ilishusha vyombo vya mahekalu. Wahispania wakaviyeyusha: zaidi ya kilo 6,000 za dhahabu, na kilo zipatazo 12,000 za fedha. Kazi za mafundi wa vizazi vingi zikawa matofali.

Akiwa katika minyororo, Atahualpa bado alikuwa akitawala, na amri moja aliyoitoa inatuuma zaidi ya mengine yote katika kisa hiki. Huáscar alikuwa hai, mikononi mwa majemadari wake. Atahualpa aliogopa kwamba Wahispania wangemleta na kumweka mahali pake. Aliweza kutumia siku hizo kupatana na ndugu yake dhidi ya adui wao wa pamoja. Badala yake aliagiza auawe, na Huáscar akauawa.

Fidia ililipwa, lakini mateka hakuachiwa. Ulivuma uvumi kuwa jeshi linakuja kumwokoa. Soto akatumwa kulitafuta, na kabla hajarudi na habari kwamba hakuna jeshi lolote, hukumu ilikuwa imekwisha kupitishwa. Katika mashtaka aliyosomewa mojawapo lilikuwa ni kumuua ndugu yake. Julai 1533 alinyongwa katika uwanja uleule, baada ya kukubali kubatizwa ili asichomwe moto. Hivyo katika muda wa mwaka mmoja wagombea wote wawili wa kiti kimoja walikuwa wamekufa, na kiti kikamwangukia mtu wa tatu.

Nani hasa aliyeishinda dola?

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapokoma, na hapa ndipo inapofaa tuendelee. Wahispania waliposhika njia ya Cusco, hawakwenda peke yao. Walisindikizwa na maelfu ya Wainka wa upande wa Huáscar, waliowaona kuwa wakombozi dhidi ya majemadari wa Atahualpa, na kijana Manco, mwana mwingine wa Huayna Capac, aliwapokea kama marafiki. Wakañari na Wachachapoya walijiunga nao kulipa kisasi. Wahuanka waliwapa askari, wapagazi, chakula na lama. Karibu miaka 30 baadaye, wakuu wa Wahuanka walikwenda mahakamani Lima kudai haki yao, wakaleta zile kamba za mafundo, ambamo kila mtu na kila mzigo waliowapa Wahispania tangu 1533 ulikuwa umehesabiwa. Ushahidi huo ungalipo katika majadala ya mahakama, nao unatuambia wazi nani aliyebeba vita hivyo mabegani.

Manco alitambua kosa lake. Mwaka 1536 aliinuka na jeshi kubwa akauzingira mji wa Cusco uliokuwa na Wahispania wapatao 200 tu. Juan Pizarro, ndugu yake Francisco, aliuawa katika ngome ya Sacsayhuamán. Vikosi kadhaa vilivyotumwa kutoka pwani kuwaokoa viliangamizwa milimani kwa mawe yaliyoporomoshwa. Wainka walikuwa wamejifunza kuwapiga farasi mahali farasi wasipoweza kukimbia. Walichokosa ni umoja. Waliposhuka kuushambulia mji wa Lima, walikutana na majeshi ya wenyeji wenzao waliokuja kuutetea. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua makaburi ya wakati huo huko Puruchuco, karibu na Lima, wamekuta kwamba wengi wa waliouawa walipigwa kwa rungu na mawe, silaha za wenyeji. Majeraha ya silaha za Ulaya ni machache.

Basi dola ya watu milioni 10 haikuangushwa na watu 168. Iliangushwa na ndui, na vita vya ndugu, na makabila yaliyodhani kuwa yanamtumia mgeni, kumbe mgeni ndiye anayeyatumia. Farasi na chuma vilisaidia, walakini navyo pia vilihitaji mlango uliofunguliwa kutoka ndani.

Walioshinda nao

Huenda msomaji akauliza iliishiaje ile dhahabu. Almagro, aliyechelewa kufika Cajamarca, aliona amepunjwa katika mgao. Ugomvi wake na akina Pizarro juu ya mji wa Cusco ukawa vita, akashindwa mwaka 1538 na kuuawa. Mwaka 1541 wafuasi wake wakamuua Francisco Pizarro nyumbani kwake Lima. Ndugu yake Gonzalo aliasi serikali ya mfalme, akakatwa kichwa mwaka 1548. Ndugu mwingine, Hernando, alikaa kifungoni Uhispania kwa takriban miaka 20. Mali iliyopatikana kwa ndugu wawili kugombana iliwagombanisha ndugu wengine.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kukitazama kisa hiki kwa mbali. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika kwetu, Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama. Malindi ikampokea Mreno ili imkomoe jirani, na mwaka 1505 Mombasa ikachomwa moto. Mwishoni mwa karne hiyo mtawala wa Malindi alipewa na Wareno kiti cha Mombasa, na mwaka 1593 ukaanza ujenzi wa Fort Jesus. Wakati huo Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili. Mfalme ambaye kwa jina lake ngome yetu ilijengwa ndiye aliyekuwa akitawala Peru.

Mfalme huyohuyo ndiye ambaye kwa jina lake ukurasa wa mwisho wa Wainka ulifungwa. Baada ya Cusco kumshinda, Manco alikimbilia misitu ya Vilcabamba, na wanawe wakaendelea kuwapinga Wahispania huko mpaka mwaka 1572. Mwaka huo mwanawe wa mwisho kutawala, Túpac Amaru, alikamatwa akaletwa Cusco na kukatwa kichwa mbele ya umma.

Alikuwa mjukuu wa Huayna Capac. Kutoka siku babu alipofariki kaskazini, na jambo la urithi likiwa halijakatika, mpaka siku kichwa cha mjukuu kilipoanguka katika uwanja wa Cusco, ilipita miaka kama 45. Ndugu wasomaji, aliye na wazazi walio hai, na ardhi au nyumba au duka la kugawanywa, na alifikirie hilo. Mazungumzo ambayo tunaona haya kuyafanya tukiwa tumekaa pamoja ukumbini, wana wetu watakuja kuyafanya mbele ya mgeni, na mgeni hakosi kutoza ujira wake.